Wanawake saba, mwanamume mmoja, Kifaransa kinasema "ils": ni sarufi au ni dharau?

Zaituni_K

Wadau wa lugha, habari za humu. Naomba kueleweshwa, na tafadhali msinicheke, mimi ni mwanafunzi wa mwezi wa nne tu.

Wiki iliyopita mwalimu alitupa zoezi la kuandika aya moja kuhusu kundi letu la kujisomea. Tupo wanane, wanawake saba na kaka mmoja. Nikaandika sentensi yangu kwa kujiamini kabisa: *Elles sont arrivées à huit heures*, yaani walifika saa mbili. Daftari likarudi limejaa wino mwekundu. *Elles*, "wao" wa kike, imekatwa, juu yake pameandikwa *ils*, "wao" wa kiume. Ile *e* ya pili ya *arrivées*, alama ya kike, imezungushiwa duara na kupigwa msalaba, kama kitu cha wizi kilichokamatwa. Pembeni kuna mstari mmoja: *le masculin l'emporte sur le féminin*. Jinsia ya kiume huishinda ya kike. (Mwanzoni nilitaka kuutafsiri kwa "uume" na "uke". Nikaghairi.)

Nikamuuliza mwalimu, je, wanawake wangekuwa 99 na kaka yetu peke yake? Akasema bado ni *ils*. Na wangekuwa wanawake mia na paka mmoja dume? Darasa likacheka, naye akacheka, lakini jibu halikubadilika. Akamalizia: "Ndivyo sarufi ilivyo."

Sasa naulizia hapa. Hili ni jambo la sarufi tu, kama sisi tunavyosema "kiti hiki" na "meza hii" bila kumdharau mtu, au kuna watu walikaa kitako wakaamua kwamba mwanamume ndiye atangulie? Nikisema darasani kwamba linaniudhi naambiwa naleta siasa kwenye sarufi. Nikikaa kimya najiona kama nimefumbia macho kitu. Na wanaojua Kihispania, Kiitaliano na ndugu zake waniambie, huko nako kukoje?

Bwana_Ngeli

Dada Zaituni, usijitese. Jinsia ya kisarufi ni ngeli, basi. Kiti cha kawaida kwa Kifaransa ni cha kike, *la chaise*. Kikiwa na mikono ya kuegemea kinageuka cha kiume, *le fauteuil*. Nani kaonewa hapo? Ndevu ni za kike: *la barbe*. Lile neno la madaktari la uke, *le vagin*, ni la kiume. Askari wa zamu mwenye misuli na bunduki ni *une sentinelle*, wa kike kabisa, na hajawahi kulalamika.

Kilatini kilikuwa na jinsia tatu. Ile ya tatu ikafa, maneno yake yakagawanywa hovyo kama mali ya marehemu asiye na wosia. *Folia*, majani, halikuwa la kike wala la kiume, tena lilikuwa wingi. Watu wakasikia linaishia na -a wakadhani ni la kike na ni moja. Leo ni *feuille* kwa Kifaransa, *hoja* kwa Kihispania, *foglia* kwa Kiitaliano, yote ya kike na yote umoja. Ni ajali ya masikio tu. Ukitafuta njama humo utazeeka.

mfasiri_wa_usiku

Bwana_Ngeli umesema kweli nusu, na umechagua ile nusu rahisi. Meza na ndevu hazina uchungu. Mambo huanza nomino inapomtaja mtu.

Mimi nafasiri nyaraka za Kifaransa na Kiitaliano, mwaka wa kumi na nne huu, mara nyingi usiku watoto wakishalala. Niwape kisa kilichonigharimu. Nililetewa kumbukumbu za vikao kwa Kiswahili, kurasa thelathini na ushei. Mwenyekiti alifungua kikao. Mwenyekiti alishukuru. Mwenyekiti aliahirisha. Jina hakuna popote, ni cheo tu. Kwa Kiswahili mwenyekiti huyo anaweza kukaa kurasa zote thelathini bila msomaji kujua ni mama au ni baba, na kikao kikaisha salama. Kifaransa hakikunivusha hata mstari wa kwanza: ni *le président* au ni *la présidente*? Nikamwandikia mteja. Kimya. Nikaandika tena. Kimya. Siku ya kukabidhi ikafika, nikaweka *le président*, mara sitini na moja, nilizihesabu baadaye. Kazi ikarudi na barua ya moto. Mwenyekiti ni mwanamke, na nakala ameshaisoma yeye mwenyewe.

Nilikaa na barua ile muda mrefu. Kifaransa kiliniuliza swali tu. Jibu nililitoa mimi, na nilipokosa habari mkono wangu ulikwenda kwa mwanamume bila kusita, kama maji yanavyojua mtaro. Mimi, mwanamke.

Turudi kwako Zaituni. Kuna watu walikaa kitako wakaamua? Wapo, tena majina na miaka yao inajulikana. Zamani Kifaransa kilikuwa na njia zaidi ya moja ya kupatanisha nomino za jinsia mbili, na mojawapo ilikuwa kufuata nomino iliyo jirani. Racine, kwenye tamthilia yake *Athalie* ya 1691, anataja siku tatu (*jours*, ya kiume) na usiku tatu (*nuits*, ya kike), halafu anamalizia kwa kivumishi *entières*, cha kike, kwa kuwa usiku ndio uliokuwa karibu. Mambo hayo tunayajua hata sisi. Kisu na sahani "zimeanguka" au "vimeanguka"? Wengi mdomo hufuata nomino ya mwisho, na hakuna anayeitiwa polisi.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1647, Vaugelas wa Académie française, chombo cha Ufaransa cha kusimamia lugha, alikuwa ameshaandika kwamba jinsia ya kiume ndiyo bora, yenye heshima zaidi. Mtu anaweza kujitetea kwamba "bora" ilikuwa istilahi tu ya wanasarufi wa enzi hizo. Haya. Mwaka 1767 akaja Nicolas Beauzée akaondoa wasiwasi wote: jinsia ya kiume huhesabiwa kuwa bora kwa sababu ya ubora wa dume juu ya jike. Ndiyo, dume na jike, ndiyo maneno aliyotumia. Hapo mimi sioni ngeli tena. Mwanasarufi kaulizwa sababu ya sheria yake, kaenda kuichukua nje ya sarufi. Na hiyo Académie iliyoanzishwa mwaka 1635 ilimchagua mwanamke wa kwanza, Marguerite Yourcenar, mwaka 1980. Pigeni hesabu wenyewe.

Kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hiyo *ils* yako, nalo ni vyeo. Mwokaji wa kike ni *boulangère*, muuguzi ni *infirmière*, msusi ni *coiffeuse*, anayepokea pesa dukani ni *caissière*. Sijasikia mtu akidai maneno haya yanaharibu uzuri wa Kifaransa. Kelele zilianza kwenye waziri, profesa, daktari wa upasuaji, mwandishi. Sikio la wakubwa wale huumia kadiri mshahara unavyopanda.

*Ambassadrice* lilikuwepo karne na karne, ila lilimaanisha mke wa balozi. *La générale* ni mke wa jenerali. Kwa hiyo mwanamke alipokuja kuwa balozi kwa shahada zake akakuta kiti kimeshakaliwa na mke wa mtu. *Autrice*, mwandishi wa kike, lilitumika vizuri tu, karne ya 17 likapigwa vita mpaka likazikwa, wakati *actrice*, mwigizaji, likaachwa liishi. Mwisho ni ule ule, -trice. Anayejua *autrice* lina ubaya gani wa sauti ambao *actrice* halina anifahamishe, nitamshukuru.

Quebec, kule Kanada wanakosema Kifaransa, hawakungoja mtu. Ofisi yao ya lugha ilipendekeza vyeo vya kike tangu 1979. Ufaransa iliunda tume ya vyeo hivyo chini ya mwandishi Benoîte Groult, waraka wa waziri mkuu ukatoka Machi 1986, Académie ikanuna, na ikaja kukubali Februari 2019. Miaka 33. Katikati hapo, Oktoba 2014, mbunge mmoja wa Ufaransa alimwita mwanamke aliyekuwa anaongoza kikao cha Bunge *Madame le président*. Akasahihishwa. Akarudia kwa makusudi. Akakatwa robo ya posho yake ya mwezi, euro 1,378. Habari ile nilipoisoma nilizikumbuka mara zangu sitini na moja, nikamshukuru Mungu wateja wangu hawatozi kwa kila neno.

Kiko_Castellano

Naingia kwa upande wa Kihispania, nakifundisha. Kwanza nikubali, kina uchafu wake. *Zorro*, mbweha dume, ni mtu mjanja. *Zorra* ni malaya. *Hombre público* ni mtu wa siasa, *mujer pública* ni malaya tena. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kusema matusi ya Kihispania ni kazi nyepesi, unageuza o iwe a. *Los padres*, neno kwa neno "akina baba", ndio wazazi wako wawili, mama akiwa ndani.

Kinachonichekesha zaidi ni *modista*, mshonaji. Maneno ya -ista hayabadiliki: *el taxista*, *el dentista*, *el electricista*. Hakuna dereva wa teksi aliyewahi kulia eti anaitwa kwa -a. Lakini wanaume walipoingia kwenye mitindo ya kifahari likazaliwa *modisto*, na Akademia ya Kihispania ikaliingiza kamusini. Akademia hiyo hiyo inayotuambia lugha haigeuzwi ili kumridhisha mtu.

Baada ya hapo siwafuati tena, mfasiri nisamehe. Tuliambiwa tuseme *todos y todas*, yaani wote wa kiume na wote wa kike. Sawa, pumzi ipo. Kisha likaja *todxs*, likaja *tod@s*. Nisomee kwa sauti, nakusubiri. Vijana wa Argentina wakaleta *todes*, hilo angalau linatamkika, na jiji la Buenos Aires likalikataza shuleni mwaka 2022. Wafaransa wana nukta yao ya katikati, *étudiant·e·s*, wanafunzi wa kiume na wa kike kwa mpigo, neno moja limekatwa vipande vitatu kama muwa. Académie mwaka 2017 iliiita hatari ya kufisha. Wazee wale mimi nakubaliana nao mara moja kwa muongo, na hii ndiyo mara yenyewe.

Tena kuna hili. Kituruki, Kifini, Kihungaria na Kiajemi havina jinsia ya kisarufi hata chembe. Je, kiwakilishi kimewapa wanawake wote wa huko haki zao? Hata sisi, yeye ni yeye, hujui ni nani. Lakini mwanamume *anaoa* na mwanamke *anaolewa*. Kauli ya kutendwa! Hakuna o wala a ya kulaumu hapo, na kitu chenyewe kimo, kimejibanza ndani ya kitenzi.

Na mbona wanawake wengine wanavikataa vyeo hivyo vya kike? Giorgia Meloni alipoingia madarakani Italia kama waziri mkuu, Oktoba 2022, ofisi yake ikaandika *il Presidente del Consiglio*, kwa kiume. Beatrice Venezi, anayeongoza okestra, alisema jukwaani kwenye tamasha la muziki la Sanremo mwaka 2021 kwamba yeye ni *direttore d'orchestra*, kwa kiume pia. Hata Hélène Carrère d'Encausse, aliyekuwa katibu wa Académie yenyewe, aliitwa *Madame le secrétaire perpétuel*, na alitaka hivyo. Mimi nani nimfundishe mwanamke jina lake?

Lusofona88

Kwa ufupi kutoka Kireno. "Asante" yenyewe inakuuliza wewe ni nani: mwanamume anasema *obrigado*, mwanamke *obrigada*. Brazil ilikuwa na sheria ya majina ya kike ya vyeo vya umma tangu 1956, lakini rais Dilma Rousseff alipotaka aitwe *presidenta* watu waligombana kana kwamba neno limeokotwa jana.

Ila kuna zawadi moja. Babu ni *avô*, bibi ni *avó*, tofauti ni kufumba na kufumbua mdomo kwenye o. Ukiwataja wote wawili pamoja ni *avós*, kwa ile o ya bibi. *Avôs* ni mababu watupu. Kibainishi kinabaki cha kiume, *os avós*, hawakuachia kila kitu. Lakini sauti ni ya bibi.

mfasiri_wa_usiku

Lusofona88, hilo la *avós* nimelichukua, leo usiku nitalala nalo.

Kaka Kiko, kwa *anaolewa* umenipata, sina pa kukimbilia. Sijadai kwamba ukiing'oa jinsia kwenye sarufi dharau inang'oka nayo. Ila tusitoke hapo tukasema basi maneno hayana kazi.

Umeuliza kwa nini mwanamke akifika juu analitaka jina la kiume. Jibu liko kwenye Kiitaliano chenyewe. *Il segretario* ni kiongozi wa chama cha siasa. Ukisema *la segretaria*, wengi wanamwona anayepokea simu na kupiga chapa barua. *Maestro* ni bingwa anayeongoza okestra. *Maestra* ni mwalimu wa watoto wa shule ya msingi. Ningekuwa mimi nimesimama mbele ya wapiga vinanda sitini, huenda ningepiga hesabu ile ile ya Venezi. Simlaumu. Lakini usiniambie neno la kiume ni la wote kwa kuwa wanawake wanalikimbilia. Wanalikimbilia kwa sababu lina uzito ambao la kike limenyimwa.

Na hilo la "kiume cha wote" limepimwa. Pascal Gygax na wenzake, kutoka Fribourg huko Uswisi, walichapisha jaribio mwaka 2008. Unasoma sentensi yenye kazi ya watu katika wingi wa kiume, halafu inakuja sentensi ya pili inayosema baadhi yao ni wanawake, au ni wanaume, na unatakiwa kusema kama inafuatana na ya kwanza. Wasomaji wa Kifaransa na Kijerumani waliwapokea wanaume kwa wepesi zaidi, hata pale kazi ilipokuwa ya aina ambayo watu huihusisha na wanawake. Waliosoma kwa Kiingereza, ambacho nomino zake za namna hiyo hazina jinsia, wao walifuata tu dhana yao kuhusu kazi yenyewe. Wanafunzi wale hawakuwa na nia mbaya. Ni mkono wangu ule ule wa mara sitini na moja.

Bwana_Ngeli, wewe umesema ngeli haimuumizi mtu. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Ni ki- ile ile ya kisu na kijiko. Upatanisho tukaurekebisha, tunasema "kipofu amekuja" wala si "kimekuja", lakini kichwani mwa neno kile kitu kikabaki. Leo utasoma "asiyeona", "mtu mwenye ulemavu". Hatukuivunja ngeli ya KI-VI, visu bado ni visu. Tuliona silabi moja inamkaa mtu vibaya, tukaitafutia njia. Wako waliosema ni mbwembwe. Sasa jaribu kuandika "vilema" kwenye barua rasmi uone.

Kuhusu nukta ya katikati, Kiko, nami siipendi, usinipange upande ambao siko. Kazini kwangu siweki nukta hata moja. Nazunguka. Mahali pa *les étudiants*, wanafunzi, naandika *le corps étudiant*, jumuiya ya wanafunzi; mahali pa *les directeurs*, wakurugenzi, naandika *la direction*, uongozi. Mteja hajawahi kugundua, na ndivyo ninavyotaka kazi yangu iwe.

Halafu mjue hasara iko pande zote mbili. Mwaka fulani nilifasiri hadithi kutoka Kifaransa. Sura tatu nzima msimulizi anasema "mimi", hujui ni nani, mpaka ukurasa mmoja anaandika *je suis venue*. Hiyo *e* ya mwisho haitamkwi hata. Ni herufi bubu, na ndiyo iliyobeba siri yote: msimulizi ni mwanamke. Kiswahili ni "nilikuja". Siri imekufa. Nilikesha siku mbili, mwishowe nikamvalisha kanga aya moja kabla, na mpaka leo naiona kanga ile kama kiraka.

Kwa wale wanaosema "ila ni sarufi tu, haimtengi mtu", Chuo Kikuu cha Trento, Italia, mwaka 2024 kilipitisha kanuni zake kwa kutumia kike kwa wote. *La rettrice*, *la professoressa*, *la candidata*, hata mhusika akiwa na ndevu (za kike, Bwana_Ngeli ashatwambia). Mkuu wa chuo, mwanamume, alisema alipoisoma rasimu alijiona ameachwa nje. Kurasa za kanuni moja tu.

Kiko_Castellano

Hiyo ya Trento sikuijua. Bado *todxs* silisomi. Lakini kilema umenimaliza.

Zaituni_K

Asanteni sana jamani. Dada mfasiri, nimeyasoma majibu yako mara tatu, moja kwenye basi nikapitiliza kituo.

Nilimpelekea mwalimu ile ya Racine. Alinyamaza, akaenda kuitafuta mwenyewe, akarudi akasema ni kweli, *entières* ipo. Akasema pia kwamba mwaka 2017 huko Ufaransa walimu 314 walitangaza hadharani kwamba hawatafundisha tena ule mstari wa kiume kuishinda ya kike. Nikauliza, na wewe? Akacheka. Akasema kwenye mtihani niandike *ils*. Nitaandika *ils*, nataka cheti.

Lakini zoezi la wiki hii lilikuwa kuisahihisha ile aya. Nikajaribu kuzunguka kama mfasiri. Kwanza nikaandika *le groupe est arrivé*, nikakuta kundi lenyewe ni la kiume, nikachoka. Nikafungua kamusi nikaona *équipe*, timu, na ni ya kike. Nikaandika: *Toute l'équipe est arrivée à huit heures.* Ile *e* yangu imerudi. Daftari limekuja na alama ya vema, wino ule ule mwekundu.

Bwana_Ngeli

Hongera dada. Na yule kaka yenu anasemaje?

Zaituni_K

Ameisoma. Akauliza hiyo *e* ya mwisho inamhusu vipi. Nimemwambia ndivyo sarufi ilivyo.